Nzuri Sana, Daktari

MWANA: Karibuni tena, mimi Mwana, yule pale Side, na leo Side kaja na uso kama kadaiwa kodi.

SIDE: Mzee haongei na mimi. Siku ya tatu leo.

MWANA: Kabisa?

SIDE: Anapitia kwa Mama. Jana nimekwenda nyumbani, tumekaa sebule moja, watu watatu, anasema, "Mama Side, mwambie mwanao apunguze hiyo redio." Na redio iko pembeni yake yeye!

MWANA: Simulia, ila kwa ufupi. Nina karatasi yangu hapa, mambo manne ya kufanya ukiwa mbele ya daktari, nimeiandaa tangu Jumapili. Na LUKU ya umeme inasoma yuniti moja na hiki kiyoyozi kinakula.

SIDE: Mnamjua Mzee, miaka sitini na nane na bado anabishana na makonda. Miezi miwili hii Mama analalamika Mzee halali. Usiku anaamka, anakwenda chooni, anarudi, anaamka tena. Mara tano. Akifika huko, anasimama mpaka Mama anadhani kaanguka. Nikasema hapana, Jumanne twende hospitali. Siitaji ni ipi. Foleni tangu saa moja asubuhi, tumeingia saa tano.

MWANA: Kawaida hiyo.

SIDE: Daktari ni binti. Mdogo, umri wa kitinda mimba wetu. Ana adabu hatari, anainuka kwenye kiti, "Shikamoo baba." Mzee, "Marahaba mwanangu." "Habari za leo baba?" "Nzuri sana, daktari."

MWANA: Nzuri sana!

SIDE: Nzuri sana! Masaa manne kwenye benchi, halali miezi miwili, nzuri sana. "Za nyumbani?" "Salama kabisa."

MWANA: Usimcheke, hicho ndicho Kiswahili chetu. Wewe nenda msibani, jeneza liko sebuleni, uliza "habari za hapa?" Utajibiwa nini?

SIDE: "Nzuri, ila tumefiwa."

MWANA: Umeona? Nzuri kwanza, ila baadaye. Kwetu Tanga ndiyo usiseme. Hujambo, sijambo, watoto hawajambo, hawajambo, na bibi? Hajambo kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo yenye ugonjwa wote ndani yake! Bibi yuko mahututi, lakini hajambo kidogo.

SIDE: Daktari asiyejua hiyo "kidogo" anampa panadol.

MWANA: Na ujue huyo binti kasomea udaktari kwa Kiingereza. Masikio yanasikia Kiswahili, mkono unaandika Kiingereza kwenye faili. Mgonjwa anasema "tumbo," na tumbo letu sisi linaanzia chini ya titi mpaka kwenye kinena. "Moyo unaniuma," kumbe ni kiungulia, au kadaiwa vikoba.

SIDE: Sasa hebu nifike. Binti anauliza, "Nini kinakusumbua baba?" Mzee anakohoa, anaangalia dirisha, anasema, "Uchovu. Mwili hauna nguvu."

MWANA: Ala. Mwanamume akisema hana nguvu…

SIDE: Ndiyo! Binti kainamisha macho, mimi nimeangalia sakafu, kila mtu kaelewa lake. Ikabidi niseme. Nikasema, "Daktari, Baba anaamka mara tano usiku kukojoa, na mkojo hautoki vizuri."

MWANA: Mbele yake.

SIDE: Ningesemea wapi? Korido?

MWANA: Basi hapo ndipo ulipomtia Mzee aibu. Yule binti alisema "shikamoo baba." Mzee akaitikia. Ikishaitikiwa hiyo, pale hakuna daktari na mgonjwa tena, kuna baba na binti yake. Baba atamwelezaje binti yake habari za mkojo? Angemwita babu! Babu na mjukuu ni watani. Babu angesema, "Mke wangu mdogo, bomba la babu linavuja," wakacheka, mambo yote yakatoka.

SIDE: Mwite Mzee wangu babu uone. Alimshusha konda kwenye gari lake mwenyewe kwa neno hilo.

MWANA: Afadhali agombe huku anasema ukweli.

SIDE: Yaani serikali ifundishe madaktari kuita watu babu.

MWANA: Ifundishe! Somo la mwaka wa kwanza: baba hufunga mdomo, babu hufungua.

SIDE: Na kina mama? "Shikamoo bibi" kwa mtu wa miaka hamsini, na nywele kapaka piko?

MWANA: Hapo utakuwa daktari wako mwenyewe, maana utapigwa na pochi. Lakini Side, nirudi. Mzee alisema uchovu. Je, alidanganya? Mtu asiyelala miezi miwili si amechoka? Alileta mlango, ilibaki daktari abishe. Angeuliza tu, "Unalalaje baba?" Wewe ukavunja mlango.

SIDE: Daktari ana watu arobaini nje. Atabisha hodi saa ngapi? Mimi nisingesema, tungerudi na vitamini. Baada ya mimi kusema ndipo kazi ikaanza. Akauliza, mkojo unakatika katikati? Ukimaliza unahisi bado upo? Unaona damu? Akamweleza Mzee vizuri sana kwamba tezi dume iko chini ya kibofu, mrija wa mkojo unapita katikati yake, na umri ukienda tezi inanenepa, mrija unabanwa. Akasema kunenepa huko peke yake si saratani, ila lazima ipimwe. Nikaona kabisa Mzee anashusha pumzi, maana kijiweni kwao walishamzika.

MWANA: Kijiweni tezi dume ni kidole tu.

SIDE: Kidole tu! Wanaume wazima wanaogopa kidole kuliko kaburi. Binti akataja kipimo cha damu, akataja ultrasaundi, na cha kidole, kile cha kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, akakitaja bila kupepesa macho, akasema kila kimoja kina kazi yake. Halafu anauliza, "Kuna dawa unatumia?" Mzee, "Hakuna."

MWANA: Hakuna?

SIDE: Mimi nimebeba mfuko. Mama kanipa, mfuko wa sukari, umejaa. Nikaumwaga mezani. Kuna ya presha, ile ya kutoa maji mwilini. Bahasha imeandikwa 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, basi. Mzee anaimeza saa ngapi? Saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza.

MWANA: Ndiyo maana haangalii hata hali ya hewa, yuko chooni.

SIDE: Binti akacheka, akamwambia hiyo ya maji aimeze asubuhi. Jamani 1x1 haisemi lini! Na kulikuwa na vidonge vya mafua vya duka la dawa, na unga wa mizizi kwenye chupa ya asali.

MWANA: Vya mafua ndivyo hatari, wasikilizaji. Vile vya kukausha pua vinaweza kuuzuia mkojo kwa mwanamume ambaye tezi yake imeshanenepa. Watu hawavitaji, wanasema mafua si ugonjwa.

SIDE: Sasa niambie. Bila mimi na mfuko wangu?

MWANA: Mfuko nakubali. Mdomo sikubali.

SIDE: Ni kitu kilekile.

MWANA: Si kitu kilekile! Sikiliza. Nina mimba ya Zuhura, niko kliniki, mama mkwe kanisindikiza. Nesi ananiuliza, "Mara ya mwisho kuona siku zako lini?" Kabla sijafumbua mdomo, mama mkwe kajibu. Kajibu tarehe!

SIDE: Tarehe ya siku zako?

MWANA: Zangu! Na mimi, kwa heshima, nikanyamaza. Kakosea wiki tatu. Tarehe ya kujifungua ikapigwa kwa hesabu yake, kila mahudhurio mtoto anaonekana mdogo, naambiwa nile. Nimekula maini mpaka leo siyataki.

SIDE: Mimi sikukosea.

MWANA: Ulisema mara tano. Wewe ulihesabu?

SIDE: Mama alihesabu.

MWANA: Kwa hiyo mkojo wa Mzee umepita kwa Mama, ukapita kwako, ukafika kwa daktari, na mwenyewe yupo pale kakaa kama mzigo uliosubiri stempu. Ungemwambia daktari, "Naomba nitoke kidogo, baba ana neno lake." Dakika mbili nje.

SIDE: Angesema uchovu mara ya pili.

MWANA: Hujui.

SIDE: Namjua baba yangu.

MWANA: Hujui, Side. Umemjua akiwa na wewe chumbani.

SIDE: …Mimi ningerudia. Leo hii ningerudia. Akinuna mwaka, sawa, ananuna akiwa hai.

MWANA: Na safari ijayo akiumwa kweli atakuficha wewe, na Mama, na mfuko ataufungia kabatini.

SIDE: Tutaona.

MWANA: Tutaona. Hiyo inayolia ni LUKU?

SIDE: Sifuri nukta moja.

MWANA: Mungu wangu, karatasi yangu! Haya, la kwanza, kabla hujaondoka nyumbani andika…

SIDE: Hatutafika la pili.

MWANA: Wiki ijayo basi.

SIDE: Ulisema hivyo kwenye kipindi cha bima.

MWANA: Majibu ya Mzee lini?

SIDE: Kesho ana ultrasaundi. Kaambiwa anywe maji mengi na asikojoe mpaka apimwe, halafu akojoe, wapime tena waone kilichobaki.

MWANA: Mzee wa mara tano kwa usiku, aende na maji tumboni kutoka Mbagala, kwenye foleni ile!

SIDE: Mama ndiye anayeingia naye.

MWANA: Na wewe?

SIDE: Mimi nabaki kwenye gari.

MWANA: Ahaa! Umekubali!

SIDE: Sijakubali chochote. Pale hakuna maegesho, gari haliwezi kuachwa pek…