Geuza Chupa Kwanza: Mhadhara Kuhusu Chupa Bapa za Marekani Zenye Sura za Watu Maarufu

Nimeshalisema hili, nalirudia, na mwakani mkiniita mtalisikia tena: ukishika chupa bapa ya kale ya Marekani yenye sura ya mtu, achana na sura. Igeuze, utazame kitako.

Najua sura ndiyo inayowavuta. Washington upande mmoja, Jenerali Zachary Taylor, aliyekuja kuwa rais, upande wa pili. Lafayette, jenerali Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani, akaizuru tena 1824 na 1825. Jenny Lind, mwimbaji wa Sweden aliyeletwa na P. T. Barnum, mwandaaji wa maonyesho, mwaka 1850, yeye akawekwa kwenye chupa za umbo la kibuyu. Na yule "Daktari" Dyott wa Philadelphia, muuza dawa mwenye kiwanda cha kioo, aliyejitia mwenyewe kwenye chupa moja na Benjamin Franklin! Haya, tucheke, kisha tuendelee. Sura haikupi umri. Washington alifariki 1799; chupa za wiski zenye sura yake zilishamiri kuanzia miaka ya 1820, mwenyewe akiwa kaburini zamani. Muuzaji akikwambia "hii ni ya enzi za Washington", mrudishie chupa yake.

Sasa kitako. Chupa ilipulizwa ndani ya kalibu ya vipande 2, ndiyo maana ina mshono kila ubavu. Ikitolewa kalibuni, shingo bado imeshikana na bomba la kupulizia. Msaidizi anachovya fito ya chuma kwenye kioo kilichoyeyuka, anaigandisha chini ya chupa, ndipo shingo inatenganishwa na bomba na mdomo unarudishwa motoni ulainike. Kisha fito inagongwa, inabanduka, na kuacha kovu la kioo kilichovunjika, lenye kingo zinazokwaruza kidole. Kuanzia miaka ya 1840 utakuta pia alama ya fito ya chuma tupu, yenye madoa mekundu au meusi. Baadaye kikaja kibanio kinachoishika chupa kwa nje, kitako kikatoka laini. Kwa hiyo chupa ya Lafayette yenye kitako laini, itatokaje mwaka 1825?

Nasikia mtu anajibu: basi nikiona kovu nilipe. Subiri, bwana! Clevenger Brothers wa Clayton, New Jersey, walitengeneza upya chupa za Jenny Lind karne ya 20, nao walikuwa wapulizaji wa kweli. Kovu hata leo linaweza kutengenezwa. Kinachosumbua waigaji ni uchakavu. Chupa iliyokaa rafuni na mezani miaka 170 huchakaa pale tu inapogusa meza, na kwa lenzi ya kukuza mara 10 unaona mikwaruzo myembamba inayokatana kila upande. Iliyopigwa msasa ili ionekane ya kale ina mistari inayokwenda sambamba, na mara nyingine mistari hiyo imeingia hadi kwenye shimo la katikati ya kitako, ambako meza haifiki. Mwenye msasa hana subira, na hilo ndilo linalomponza.

Halafu linganisha na orodha ya George na Helen McKearin, waandishi walioziorodhesha chupa hizi kwa makundi. Kundi la GI ndilo la sura za watu, na kila kalibu ina namba yake. Usiridhike na "inafanana". Soma herufi moja moja, pima urefu, hesabu vifungo vya koti. Kalibu iliyochukuliwa kutoka kwenye chupa halisi hutoa nakala yenye nywele na herufi zilizofifia.

Muda unanikimbia. Rangi: ya maji ya bahari ndiyo ya kawaida, kaharabu na buluu nzito huweza kupandisha bei sana. Zambarau iogopeni kidogo, maana kioo kisicho na rangi chenye madini ya manganizi hugeuzwa zambarau kwa mionzi. Mdomo: upitishe kidole pole pole, uliosagwa ili kuficha pengo hauna ule ulaini wa moto. Tochi ya urujuanimno, gizani, huonyesha gundi ya epoksi iking'aa tofauti na kioo.

Kuosha: maji vuguvugu, sabuni kidogo, taulo chini ya beseni. Maji ya moto kamwe, wala mashine ya kuoshea vyombo. Kioo hiki kina unene usio sawa. Upande mwembamba unatanuka kabla ya mnene, na chupa inapasuka mkononi mwako.