Asubuhi Yako Ianzie Jioni: Kifungua Kinywa cha Moto na cha Chumvi kwa Anayeishi Peke Yake

Mbukwenyi! Nashukuru mmeitika kwa sauti, hata wageni wa mji huu.

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumze na watu wanaoishi peke yao hapa Dodoma, nami nimekubali kwa moyo wote. Humu ukumbini wamo wanafunzi waliopanga Ng'hong'hona. Wamo watumishi waliohamia na Serikali huku wenza wao na watoto wakibaki Dar es Salaam au Mwanza. Wamo vijana wa ajira ya kwanza wanaoamka saa kumi na moja alfajiri ili wawahi usafiri wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Wote hawa walijifunza kupika, kama walijifunza, kwenye sufuria la familia. Ukishabaki mwenyewe geto, unaona kuwasha jiko kwa ajili ya mdomo mmoja ni kujisumbua bure. Basi asubuhi ni chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, maandazi mawili, mlango unafungwa. Ikifika saa nne tumbo linadai.

Maandazi ni chakula chetu na siyasemi vibaya. Naomba tu tuhesabu. Mtu mzima mwenye afya anahitaji walau gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 48. Chai ya rangi na maandazi mawili havifikishi hata gramu 10, na vingi vya hapo ni wanga na mafuta. Halafu tunakaa mpaka usiku ndipo tunakula nyama, kana kwamba mwili haukufanya kazi mchana kutwa. Ninachowaombea ni asubuhi yenye gramu 20 hivi, ya moto, yenye chumvi kidogo na kitunguu. Haihitaji ufundi mkubwa. Mayai mawili makubwa ni gramu 12. Robo lita ya maziwa ni gramu 8. Tayari umefika.

Sasa, mtu ataniuliza: saa kumi na moja nitapika saa ngapi? Jibu langu ndilo lililonileta hapa: kifungua kinywa cha mtu mmoja kinapikwa jioni. Asubuhi unakimalizia tu. Ukikata kitunguu jioni kwa ajili ya mboga, kata na cha kesho. Ukiosha nyanya, osha mbili zaidi. Ukichemsha maharage na una friji, usichemshe ya mlo mmoja. Kazi inayochosha asubuhi ni kuosha, kumenya, kukata na kusubiri vitu viive. Kuweka kikaango motoni ni dakika tano.

Nianze na mayai kwa sababu yanajulikana. Wengi mnadhani yai la kienyeji lina nguvu mara mbili ya lile la kisasa. Mnaangalia kiini chake cha njano iliyokolea, lakini rangi hiyo inatokana na chakula alichokula kuku. Kwa protini tofauti ni ndogo, na kwa kuwa la kienyeji mara nyingi ni dogo, linaweza kuwa na kidogo zaidi. Kula la kienyeji kwa utamu wake, kuku wa Singida wana heshima yao, lakini mwenye trei la mayai ya kisasa asijione amepungukiwa.

Mimi mayai napenda kuyapika na dagaa. Dagaa wakavu wa Mwanza au wa Kigoma wapo sokoni Majengo na Sabasaba mwaka mzima, hawahitaji friji, na kiganja kimoja, kama gramu 20, kina protini zaidi ya gramu 10. Adui wa dagaa ni mchanga na uvivu. Siku ya mapumziko nunua kisado, kata vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili tatu mpaka maji yawe safi, kausha juani, kisha kaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa. Weka kwenye kopo lenye mfuniko. Jua letu la Dodoma ni kali na hewa ni kavu, kazi hii inakwisha mchana mmoja. Baada ya hapo, asubuhi unamwaga mafuta kidogo ya alizeti kwenye kikaango, kitunguu, nyanya, dagaa kiganja kimoja, pilipili ukipenda. Nyanya ikilainika vunjia mayai mawili humo humo, koroga taratibu, epua kabla hayajakauka. Dakika saba. Una zaidi ya gramu 20 na hujaongeza hata mkate. Chumvi onja kwanza, maana dagaa wengine wana chumvi yao.

Cha pili, nacho naona hakijapewa nafasi yake, ni unga wa dengu. Tumeuachia bajia za jioni tu. Jioni chota vijiko vinne vya kulia vilivyojaa, kama gramu 60, weka kwenye bakuli na chumvi, binzari manjano na pilipili kidogo, funika. Asubuhi tia maji kidogo kidogo huku unapiga mpaka uwe mzito kiasi cha chapati za maji. Tia kitunguu kilichokatwa jana na yai moja. Uache wakati unanawa uso. Kikaango kipate moto wa wastani, mafuta kijiko kimoja, mimina, tandaza, funika. Ukiona juu pamekauka geuza. Usiwe na haraka hapa: dengu isipoiva vizuri ina ladha ya ubichi inayobaki mdomoni asubuhi nzima. Ikiiva inanukia kama karanga. Unga ule una gramu 12 au 13, yai gramu 6. Na ni chakula cha kabatini. Mwenye geto lisilo na friji, na tuko wengi, awe na unga huu siku zote.

Sasa choroko. Nisikilizeni vizuri hapa, maana nina hila inayowaokoa watu wasio na muda. Choroko ni mbegu ndogo, zinaiva upesi kuliko maharage. Ukirudi kazini loweka kiganja kizuri, kama gramu 60. Kabla ya kulala chemsha kwa moto mkali dakika kumi. Wakati huohuo mimina maji yanayochemka kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, iache ipate joto, mwaga yale maji, kisha tia choroko zako pamoja na maji yake yakiwa bado yanatokota. Funga. Asubuhi zitakuwa zimelainika bila kutumia gesi usiku kucha. Kaanga kitunguu, kitunguu swaumu na nyanya, mimina choroko, chemsha tena mpaka zitokote sawasawa, kamulia limau. Bakuli hilo lina gramu kama 14, na asubuhi za Juni na Julai, upepo ukivuma toka milimani, utalikumbuka kuanzia kitandani.

Lakini msifanye hivyo kwa maharage mekundu. Naomba mlishike hili. Maharage mabichi yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na kuchemka hasa. Joto la chupa halitoshi, na maharage yaliyoiva nusu yanaweza kukutapisha vibaya. Maharage yachemshwe sufuriani mpaka yaive kabisa. Mwenye friji achemshe ya siku tatu, asubuhi aunge kikombe kimoja na kitunguu. Na ule ugali wa jana uliobaki? Ukiwa ulikaa kwenye friji, ukate vipande vyembamba, ukaange upande huu na huu mpaka uwe na ukoko, uule na maharage. Nafaka na maharage vinasaidiana: nafaka ina upungufu wa kirutubisho kimoja cha protini ambacho maharage yanacho kwa wingi, na maharage nayo yanafidiwa na nafaka. Bibi zetu hawakukosea kuvipakua pamoja.

Asiye na friji asiweke kiporo cha maharage sufuriani. Joto la Novemba kabla ya mvua linatosha kuyachachusha usiku mmoja. Kiporo cha wali kilicholala nje ni hatari zaidi, kwa sababu kuna vijidudu vinavyoacha sumu isiyoondoka hata ukikipasha moto sana.

Wapo wanaoniambia, mama, mimi asubuhi nanunua supu. Vizuri, mama lishe wanatusaidia sana. Ila fahamu kuwa mchuzi wenyewe, hata ukiwa mzito, si mahali pa kutegemea protini. Iko kwenye zile nyama zilizomo. Ukipewa bakuli la mchuzi, kipande kimoja na chapati mbili, umelipia chapati. Omba chapati moja na nyama iongezwe. Na wanaokwenda mnada wa Msalato Jumamosi, mwenye friji abakize nyama ya mbuzi kidogo, aifunge aiweke humo mapema. Jumapili aikatekate, aikaange na hoho na nyanya mpaka ipate moto wa kweli.

Karanga nitazisema kwa uzito. Ni zao letu, zina karibu robo ya uzito wake protini, na kijiko cha karanga za kusaga kwenye mlenda au mchicha ni jambo jema. Lakini mwaka 2016 watu wa mkoa huu na wa Manyara waliugua na wengine kufariki kwa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, iliyokuwa kwenye mahindi. Karanga nazo hushambuliwa na kuvu hao hao. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo usinunue karanga za kusaga usizojua zilitoka wapi. Nunua nzima, kavu, chambua zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, uzitupe, usimpe hata kuku.

Kuhusu chai: majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na choroko. Kunywa saa moja baada ya kula. Limau na nyanya hufanya kinyume chake, ndiyo maana nimezitaja kila mahali.

Wanafunzi wa hosteli, nawaona mnanitazama kwa sababu hamruhusiwi jiko. Muuza mayai ya kuchemsha anayepita jioni na ndoo yake ni mtu wenu. Jioni nunua yaliyo bado na ganda, yasiyo na ufa. Kama una friji ya pamoja, yaweke humo mapema; kama huna, yale jioni ileile. Asubuhi chovya mawili kwenye maji ya moto ya birika dakika tano, menya, kata, weka kachumbari na pilipili, na upate maziwa ya moto kantini.

Pale mbele tumeweka jiko la gesi, unga wa dengu na dagaa walioshaoshwa. Naomba watu wawili ambao hawajawahi kupika kabisa wapande, waanze na dengu. Maswali tutajibu kikaango kikiwa motoni.