Engozi: Machela, Daftari na Faini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii. Nimeombwa nizungumzie umoja. Nitazungumzia faini.

Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ni nchi ya milima, na zamani mgonjwa alifika hospitali kwa mabega ya watu. Machela ya huko huitwa engozi: imesukwa kama kapu refu, ina miti ya kubebea, wanaume wanne wanaitia mabegani na wengine wanafuata nyuma ili wapokezane, maana mlima unachosha haraka. Kazi hiyo huwezi kuianza kupanga saa nane za usiku, mgonjwa keshazidiwa. Ndiyo maana vijiji vikawa na vyama vya engozi, vyenye orodha ya wanachama na faini kwa asiyetokea. Mkaidi alitengwa. Sasa yakikufika wewe, nani atakubeba?

Watu hupenda kusema vyama hivi viliishi kwa upendo tu. Sikubaliani. Upendo ulikuwepo, lakini aliyemtoa mvivu kitandani ni faini. Hata Buganda, ngoma ya bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya kusafisha visima na njia, inalia “Saagala agalamidde”: sitaki mtu aliyejilaza! Hapo hubembelezwi.

Magari yalipofika, vyama vya engozi havikufa. Viligeukia mazishi, akiba na mikopo. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi, kule Rukungiri, ilianzisha bima ya afya ikapitia vyama hivyohivyo. Hapa nisikilizeni vizuri. Bima ya mtu mmojammoja ina balaa lake: anayekimbilia kujiandikisha ni yule aliyekwisha kuanza kukohoa, wazima wanabaki nyumbani, na mfuko unakauka. Chama kikiingia kizima, wazima wanachangia pamoja na wagonjwa, gharama inabebeka. Na kuchangiana hawakuhitaji kufundishwa na mtu.

Sisi wa Kampala je? Tuna makundi ya WhatsApp ya misiba. Mtu anatuma pesa kwa simu, anaandika “poleni”, kamaliza. Pesa sizidharau, jeneza halinunuliwi kwa pole. Lakini kaburi kijijini anachimba nani? Mimi ningetoza faini hata aliyetuma pesa, kama angeweza kufika na hakufika. Naona wengine mmeshaanza kutikisa vichwa. Haya, mikrofoni ni yenu.