Sauti Ipewe Jina Kabla ya Mkato wa Kwanza

Hamjambo, vijana. Wengi humu mnapiga video za harusi, basi tushike nikahi moja tu tuone sauti zake zinavyopewa majina na kupangwa kabla ya kuanza kuhariri.

Tuko msikitini, Mji wa Kale. Bwana harusi amebanwa maiki ndogo kwenye ukosi wa kanzu; hiyo inaingia chaneli ya 1 ya kamera, yaani njia yake ya kwanza ya sauti. Chaneli ya 2 ni maiki iliyo juu ya kamera yenyewe, nayo haichagui: inabeba kikohozi, pangaboi, hata honi ya tuktuk huko nje. Kando kuna rekoda inayomchukua kadhi. Lile neno "nimekubali" halimalizi sekunde mbili, na mamake bwana harusi yuko upande wa wanawake. Atalisikia kwenye video yenu.

Usiku mnamwaga kadi kwenye kompyuta, programu ya kuhariri inawaletea Audio 1, Audio 2, na faili iitwayo ZOOM0001_Tr1. Hayo ni majina ya mashine. Leo mnakumbuka nani ni nani, lakini zikiingia harusi nyingine mbili mtakuwa mnabahatisha. Andikeni anayesema na maiki iliyomchukua: KADHI_rekoda, BWANA_ukosi, MSIKITI_kamera. Tarehe si kitu, kamera inaiandika yenyewe. Faili za rekoda zibadilisheni majina kabla ya kuziingiza. Mkizibadilisha kwenye folda baadaye, mradi utazitafuta usizione. Zikishaingia, andikeni ndani ya programu.

Sasa chaneli, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Programu huweza kuzichukua chaneli 1 na 2 kama sterio, kushoto na kulia. Mtazamaji akivaa hedifoni, bwana harusi anamsemea sikio la kushoto na pangaboi linamvumia la kulia. Wapo wanaozichanganya zote mbili wakadhani wametatua, kumbe wamemletea bwana harusi pangaboi mdomoni. Zitenganisheni ziwe mono mbili, kila sauti peke yake na isikike masikio yote mawili. Kwenye programu ya DaVinci Resolve mtaingia Clip Attributes. Kwenye Premiere ni Modify, kisha Audio Channels. Premiere ina ukaidi wake: klipu mliyokwishaiweka kwenye taimlaini, ule mstari wa kupangia klipu, haibadiliki. Ndiyo maana nasema mapema, kabla ya mkato wa kwanza.

Ile ya kamera msiitupe. Mkikata kikohozi linabaki shimo la kimya, na mvumo wa chumba uliomo humo ndio wa kuliziba. Tena ndiyo mtakayoitumia kuoanisha rekoda na picha. Rekoda iwekeni hezi 48,000 (mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde) kama video, si 44,100 ya sidii za muziki.

Ukumbini, kwenye taarabu, mambo ni mengine. Ukipewa waya mbili kutoka miksa, kushoto na kulia, hiyo huenda ikawa sterio ya kweli. Muulize fundi wa miksa, na akikuambia ndiyo, usiitenganishe. Haya, nani ana swali?