Macho mekundu ya kuambukiza: jinsi ya kuyatambua, kuyasafisha na kuweka dawa

Haya jamani karibuni, leo ni macho mekundu, na nitakaa sana kwenye matone maana hapo ndo wengi wanakosea.

Kwanza angalia jicho lenyewe. Kama ni jekundu, linatoa machozi ya majimaji, linakwaruza kama lina mchanga, lilianza moja halafu la pili likafuata, na labda mafua yapo, mara nyingi hao ni virusi. Ukiamka umegandana kope na tongotongo zito la njano au kijani linarudi kila ukifuta, fikiria bakteria. Yakiwasha sana yote mawili huku unapiga chafya, inaweza kuwa aleji, hiyo haiambukizi.

Ya virusi hayasikii antibayotiki, yanapona yenyewe, wiki moja mpaka mbili, wakati mwingine tatu. Fumba macho, weka kitambaa safi chenye maji baridi, utapata nafuu.

Kusafisha ni haraka tu: osha mikono, pamba, maji yaliyochemshwa yakapoa, futa mara moja kutoka upande wa pua kwenda nje, tupa. Pamba nyingine. Jicho la pili na pamba yake.

Sasa matone, kama umeandikiwa. Dada yangu kakubali kukaa hapa, dada inua kidevu... subirini, kamera inafokasi ukutani. Haya. Vuta ngozi ya chini ya jicho ifanye kamfuko, aangalie juu, tone moja, afumbe taratibu, bonyeza kona ya jicho karibu na pua kama dakika moja. Ncha ya chupa isiguse jicho! Isiguse kope wala kidole, ikigusa vijidudu vinahamia kwenye dawa na kesho unavirudisha mwenyewe. Mmeona hapo, kapepesa, nimetoa mkono fasta, tunarudia. Bora tone limwagike shavuni kuliko ncha iguse, nasema tena, isiguse.

Na dawa iliyobaki ya mtu mwingine usiweke, tafadhali. Nyingine zina steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, na kama kilichopo jichoni ni virusi vya herpes unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Mate, mkojo, maziwa ya mama, navyo hapana.

Ili wengine nyumbani wasipate: taulo yako, foronya yako, wanja wako, usichangie na mtu, foronya ifuliwe kwa maji ya moto. Mikono ni sabuni na maji, mimi sitegemei sanitaiza hapa kwa sababu adenovirusi, ambavyo ndivyo vinavyosababisha sana haya macho, ni vigumu kufa kwa spiriti. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho toa, vaa miwani.

Ukisikia maumivu makali, ukiona ukungu, mwanga ukikuumiza, au unavaa lenzi na jicho limekuwa jekundu, nenda kwa daktari wa macho. Mtoto mchanga wa chini ya siku 28 mwenye macho mekundu au usaha apelekwe hospitali leo hii, hata kama ni usiku.