Kantaro na Bakuli la Anmitsu: Hii Komedi ya Kijapani Tuiangalie kwa Makini

Jamani karibuni, sogeeni mbele kuna nafasi. Leo naongelea tamthilia moja tu, Saboriman Ametani Kantaro, ilitoka 2017 Japani, ya TV Tokyo wakishirikiana na Netflix, ina episodi 12 na kila moja haifiki hata nusu saa. Najua wengi mmeona vipande vyake tu, yule kaka wa suti na miwani anaweka kijiko mdomoni halafu anapagawa kabisa, mkacheka mkapita. Mimi naomba leo tusipite.

Kisa chenyewe kiko hivi, Kantaro alikuwa mtu wa kuandika programu za kompyuta, kazi ya kukaa kwenye kiti kutwa, akaiacha akaenda kuwa mtu wa mauzo kwenye kampuni ya vitabu, na sababu ni moja tu, mtu wa mauzo anatoka nje. Anazunguka Tokyo kwenye maduka ya vitabu, anamaliza mizunguko yake chapchap, na muda uliobaki anaingia kwenye mgahawa wa vitu vitamu bila ofisi kujua, halafu anaandika kwenye blogu kwa jina la siri. Na kazi anaifanya vizuri mno, hapo ndo utamu wa kisa ulipo, yani bosi hana pa kumshikia.

Sasa kumbukeni huo mwaka Japani ilikuwa kwenye mjadala mzito wa watu kufa kwa kazi nyingi, na Juni 2018 bunge lao likapitisha sheria ya kuweka kikomo cha ovataimu, kwa kawaida saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu anayeiba dakika chache za mchana akale kitu kitamu, kwa mtazamaji wa kule hilo sio jambo dogo. Halafu ni mwanaume, na kule keki na parfe, yale magilasi ya aiskrimu na matunda, watu wanaziona za wanawake, ndo maana siri yake ina uzito mara mbili.

Lakini kilichonikamata mimi ni namna wanavyoonyesha chakula. Episodi ya kwanza ni anmitsu, kwenye duka la zamani linaitwa Hatsune, mtaa wa Ningyocho, na hilo duka lipo kweli, sio seti. Anmitsu ni bakuli lenye vipande vya kanten, yani aina ya jeli, maharage madogo ya azuki yaliyopikwa na sukari yakapondwa, matunda, na juu yake sharubati nyeusi inayotokana na sukari inayofanana na sukari guru yetu. Najua kuna watu hapa wameshtuka, maharage kwenye kitu kitamu? Pwani kuna nyumba zinapika maharage kwa nazi na sukari mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo tusishangae sana. Kanten yenyewe inatoka kwenye mwani, wanauchemsha, wanachuja, ikiganda wanaianika nje wakati wa baridi, usiku inaganda barafu mchana inayeyuka, siku baada ya siku mpaka ikauke. Na haiyeyuki mdomoni kama jelatini, mpaka uing'ate, ndo maana Kantaro anaitafuna taratibu vile.

Episodi ya pili ni barafu ya kukwangua, kakigori, duka la Himitsudo kule Yanaka, wanazungusha mashine kwa mkono. Barafu wanayotumia ni ya asili, maji yameachwa kwenye bwawa milimani Nikko yagande yenyewe polepole, na barafu iliyoganda polepole inakuwa ngumu na safi kama kioo, unaweza kuikwangua nyembamba sana isikuumize kichwa kwa baridi. Tamthilia inakueleza haya yote kabla mtu hajala. Kwanza unajua mikono ya nani imefanya nini, ndo jamaa anapagawa, na ukishajua unaona kabisa ana haki ya kupagawa.

Na yule mwigizaji, Onoe Matsuya wa pili, ni mtu wa kabuki, ile tamthilia ya jukwaani ya Kijapani ya karne na karne. Kwenye kabuki hisia zikifika kileleni mwigizaji anaganda, anatoa macho, na baadhi ya watazamaji wanapaza sauti. Mimi nikimwangalia akiwa na kijiko naiona ile ile, mwili wake umefundishwa kubeba hisia kubwa bila aibu, na anaimwaga yote kwa ajili ya bakuli la maharage. Hafanyi mzaha na chakula hata sekunde moja, tunacheka kwa sababu yeye anamaanisha.

Kama hamjaanza, anzeni na hizo mbili kwa mpangilio wake, tena muwe mmeshiba. Haya, kipaza sauti kiko pale nyuma, nani ana swali?