Wachambuzi wa Siasa na Wanaolipa Gharama

Ndugu zangu, kwa nini wananchi hawawaamini wachambuzi wa siasa? Leo nawapeleka Uingereza, maana kule jambo hili linaonekana waziwazi.

Septemba 2023 George Osborne na Ed Balls walianzisha podikasti yao, Political Currency. Kati ya 2011 na 2015 wawili hawa walikabiliana bungeni: Osborne waziri wa fedha, akipunguza ruzuku za halmashauri na posho za wenye shida, Balls waziri kivuli wa fedha wa upinzani, akimwambia anabana mno na kwa haraka mno. Leo wanacheka pamoja kwenye maikrofoni. Mahasimu kupatana ni jambo jema, silipingi. Lakini aliyefungiwa maktaba ya mtaani kwake miaka ile, akisikia kicheko kile, anajiuliza: kumbe kwao yalikuwa mabishano tu?

Tunaambiwa wananchi hawawaamini wachambuzi kwa kuwa wanakosea. Sikubali. Kukosea kunasameheka. Rory Stewart wa The Rest Is Politics, podikasti nyingine ya siasa ya Uingereza, alitabiri kwamba Kamala Harris angeshinda kwa urahisi uchaguzi wa rais wa Marekani, Novemba 2024. Akashinda Trump. Stewart alikiri hadharani kwamba alikosea, nami nampongeza, maana wengi wangejifanya hawakusema kitu.

Kinachowauma watu ni kuona gharama ya kosa inalipwa na mwingine. Mwenzake Stewart kwenye podikasti hiyo ni Alastair Campbell, aliyekuwa mkuu wa mawasiliano wa Tony Blair, waziri mkuu wa wakati ule. Septemba 2002 serikali ile ilitoa waraka uliodai kwamba Iraki ingeweza kutumia silaha za maangamizi ndani ya dakika 45. Uingereza ikaingia vitani Iraki, na silaha hazikupatikana. Uchunguzi wa jaji Hutton, uliogusa waraka ule, haukumtia Campbell hatiani, na hilo lazima lisemwe. Ila ripoti ya Chilcot ya 2016, ya uchunguzi rasmi kuhusu vita vile, ilisema tishio lile lilielezwa kwa uhakika usiostahili. Wanajeshi 179 wa Uingereza walikufa Iraki, na raia wa Iraki maelfu kwa maelfu. Mzazi aliyezika mwanawe akifungua simu leo anamsikia Campbell akifundisha uongozi bora. Mnataka amwamini vipi?

Ninyi vijana mnaotaka kuanzisha podikasti za siasa, mimi ningependa kusikia kipindi kimoja: Osborne na Balls wamkaribishe mkutubi aliyepoteza kazi wakati ule, yeye ndiye aulize maswali, saa nzima, na wao wajibu. Hicho nitakisikiliza mpaka mwisho.